Jogoo Mwenye Kichwa cha Ufunguo

Jumapili, 6 Aprili

Mdogo wangu mpishi,

Vipi huko kwenye handaki lenu, bado mnachimba tu kama fuko? Sisi wazima, ila vidole vyangu vimechubuka kwa mashuka ya gesti, wale wageni sijui wanalala na viatu. Nakuandikia juu ya meza ya kupigia pasi, kwa hiyo karatasi ikiwa na joto usishangae.

Agizo lako nimelitimiza. Uliniambia ulimwahidi mwanao utampeleka makumbusho akaone mifupa mikubwa, ukaondoka hujampeleka, na kila siku moyo unakuuma. Basi uache kuuma. Jana tumekwenda, mimi, Kwanini na shemeji yako. Hilo ndilo jina la mwanao siku hizi, Kwanini, mtaa mzima wanamwita hivyo na anaitika. Mpaka tunafika mlangoni alikuwa ameshaniuliza kwa nini mara arobaini. Wa chini ya miaka saba anaingia bure, mlinzi akaniuliza huyu ana mingapi, nikasema sita, yeye mwenyewe akadakia, "Na nusu!" Nusura atutie hasara.

Mifupa ameiona. Mdogo wangu, ni mnyama wa nyumba nzima! Mwanao akasimama chini ya mbavu, akauliza, "Mama mkubwa, kwa nini alikonda hivi?"

Shemeji yako sasa. Alisema yeye atapumzika kidogo kwenye benchi. Akapumzika mpaka akaanza kukoroma. Akapita mwalimu na wanafunzi wake, mtoto mmoja akataka kumgusa goti, mwalimu akamwambia, "Vitu vya humu haviguswi." Nimecheka mpaka mlinzi akanionya.

Ghorofani hatukufika, kengele ya kufunga ikalia. Mtoto akatoka analia. Nimemwahidi tutarudi, na mimi nikisema nimesema.

La pili. Mwanao anashika kila kitu kwa mkono wa kushoto, kijiko, penseli, mswaki. Ni marehemu mama mtupu. Nimeanza kumrudi taratibu ahamie wa kulia. Si kwa ubaya. Unakumbuka mama alivyokuwa akificha ule mkono mbele za watu, akipokea hela za wateja kwa mkono wa kulia na sarafu zinamdondoka. Sitaki na huyu achekwe.

La tatu, yule jirani yetu mwizi wa upande wa pili wa ukuta, Mama Mapacha, amepaka nyumba rangi. Miaka tisa tangu aibe pasi ya mama na bado anapata usingizi! Mwanao anamwamkia juu ya ukuta kila asubuhi. Nimemwambia huyo hatumwamkii. Akaniuliza nini? Wewe unajua.

Dada yako,
Redio


Jumatatu, 14 Aprili

Dada,

Barua yako imekuja na lori la vyakula, katikati ya magunia ya vitunguu, imenukia siku mbili. Wachimbaji wamenishangaa nacheka peke yangu jikoni. Asante kwa mifupa. Asante sana.

Mkono wa mtoto uache, dada. Nakuomba. Mama hakuwa na kosa kwenye ule mkono, kosa lilikuwa kwa waliocheka.

Kuhusu makumbusho, mkirudi mwache aangalie tena mifupa, na kule kwenye ndege waliokaushwa na samaki. Ghorofani msijisumbue. Ngazi ni nyingi na goti lako lile. Huko juu hakuna kitu, ni vyombo vya zamani tu, mtoto atachoka.

Na Mama Mapacha mwache apake rangi nyumba yake. Mtoto kumwamkia mtu mzima si dhambi.

Mdogo wako


Jumapili, 20 Aprili

We mdogo wangu, kaa chini! Kama umeshika sufuria, liweke!

NIMEIONA PASI YA MAMA.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia mwisho nitalia na nina mashati ya watu mezani. Jana tumerudi. Goti langu halina neno, tena sijui wewe umejuaje kwamba huko juu kuna ngazi nyingi na vyombo vya zamani, sikumbuki kama uliwahi kufika. Labda shuleni. Tukapanda. Chumba cha kwanza vyungu. Cha pili viti vya wakubwa wa zamani. Cha tatu wameandika Kazi za Mikono, kuna visu vya wasuka mikeka, kuna nyundo, mimi napita tu, namwambia mtoto haya twende nyumbani, njaa inauma. Yeye amegandamiza pua kwenye kioo. Akaniita.

"Mama mkubwa, kwa nini jogoo huyu kichwa chake ni ufunguo?"

Mdogo wangu! Duniani kuna pasi za mkaa nyingi, na nyingi zina jogoo mbele pale pa kufungia. Lakini jogoo aliyekatika kichwa, akafungwa ufunguo wa kabati kwa waya wa mwavuli, ni mmoja tu, na waya ule nilimshikia mama mwenyewe kwa koleo! Ile pale, juu ya kitambaa chekundu, imewashiwa taa kama bibi harusi.

Nilipiga kelele. Sikatai. Walinzi wawili wakaja mbio, shemeji yako akaamka huko chini akadhani moto, akakimbilia nje, tumemkuta barabarani.

Kuna kikaratasi mbele yake. Miwani nimeisahau, mwanao akanisomea kwa kidole, anavyosoma yule, silabi silabi: "Pa-si ya m-ka-a. Mtu-mi-a-ji ha-ju-li-ka-ni."

Hajulikani? Mama? Mama Mvuke ambaye watu walikuwa wanakuja na mashati kutoka mtaa wa tano, hajulikani? Hapo ndipo nilipokasirika kuliko hata kuibiwa.

Akaitwa mhifadhi wao, kijana wa miwani, shati lake kola haijanyooka. Nikamwambia, mwanangu, hiyo ni mali ya mama yangu, imeibwa. Akafungua daftari. Anasema aliyeileta aliitoa bure, miaka tisa iliyopita, na hakutaka kutajwa. Nikamwambia, "Mwizi gani anapenda kutajwa?" Akafunga daftari.

Kwa hiyo sasa tunajua. Mama Mapacha alikuja asubuhi ile kuomba kaa la moto, sisi na msiba wetu wa wiki moja, jioni pasi haipo. Aliiba, kisha dhamira ikamsuta akaitupia makumbusho. Ndiyo maana haikuonekana sokoni!

Naiapia meza yangu hii. Pasi ile itatoka kwenye kioo kile na kurudi nyumbani. Tutakwenda kila Jumamosi, mimi na mwanao, mpaka watuzoee kama ile mifupa.

Dada yako,
Redio

Mkono nimemwacha anavyotaka wiki hii. Sina nafasi ya vita viwili.


Jumatatu, 28 Aprili

Dada,

Nimeisoma barua yako nimesimama, wali ukaungua. Watu sabini wamekula wali ulioungua kwa ajili ya pasi.

Sijui nikuambie nini. Pale ilipo iko salama, ina taa, haishiki kutu. Nyumbani ungeiweka wapi? Una ya umeme. Kile kikaratasi nacho wanaweza kukibadilisha bila ya kuitoa.

Ninakuomba kitu kimoja tu, na sijawahi kukuomba kikubwa tangu unipokelee mtoto. Usimwambie Mama Mapacha neno lolote mpaka nije. Mkataba wangu unaisha mwisho wa Juni. Subiri, dada. Miaka tisa umesubiri.

Mdogo wako


Jumapili, 4 Mei

Mdogo wangu,

Wewe una moyo laini, umeutoa kwa baba. Unamwogopa Mama Mapacha kwa sababu ya wale mapacha wake wawili wabeba mizigo, mabega kama kabati. Usiogope, mimi siogopi.

Jana tumekwenda mara ya nne. Mlinzi sasa anatufungulia mlango kabla hatujagonga, na mwanao anamwita "Babu wa Funguo". Kijana wa miwani nimemwambia yote, ufunguo, waya, na mpini. Nikamwambia, angalia mpini, umebonyea upande mmoja. Akasema wao waliandika kwamba mbao ina kasoro. Kasoro! Nikamwambia hicho ni kidole gumba cha mama, cha mkono wa kushoto, miaka na miaka ya kusukuma. Akaandika. Huyu mtoto ana adabu, ila hajui kupiga pasi. Nimemwambia aniletee yale mashati.

Anasema nisilete maneno matupu, niandike barua kwa kamati. Nimeandika. Kurasa sita. Shemeji yako anasema nimeweka na habari zisizohusu, lakini ile ya shangazi na mbuzi ilikuwa ya lazima ili waelewe.

Sasa sikiliza. Tarehe 25, Jumapili, kuna mkutano wa mtaa kwa mwenyekiti. Habari za mitaro na taka. Nikipewa nafasi nitasimama na picha ya pasi, shemeji yako ameipiga kwa simu, na nitamtaja Mama Mapacha mbele ya watu wote, wanawe wakisikia. Miaka tisa iliyopita nilisema bombani, foleni ya ndoo, bila ushahidi, wengine wakaniona mropokaji. Safari hii ninao.

Najua umeniomba nisubiri. Nimekusikia. Ila nimefika mbali, mdogo wangu, na gari likishashika mteremko huliambii lirudi.

Redio


Jumatatu, 12 Mei

Dada,

Usiende kwenye ule mkutano. Mama Mapacha hakuiba. Niliichukua mimi.

Nimeandika sentensi hiyo mara tatu nikachana. Sasa iache hapo hapo, nikueleze.

Unakumbuka mama alikuwa akifua sare za walinzi wa makumbusho. Wewe ulikuwa umeshaolewa, kwa hiyo Jumamosi mimi ndiye niliyebeba kikapu naye. Tulikuwa tunapeleka mlango wa nyuma, kwenye mapipa ya taka. Anagonga, mkono unatoka, unachukua sare, mlango unafungwa. Siku moja nikamwomba tuzunguke tuingie mbele, nione mifupa. Akanyoosha gauni lake, akaficha mkono wa kushoto mfukoni, tukaenda. Tukaangalia vyote. Nilidhani amefurahi. Njiani akasema, "Pazuri. Ila vyetu havimo." Basi. Hakusema tena, na sisi hatukurudi tena.

Alipofariki, wewe ulikuwa unapanga vitu, unasema pasi haitatiwa moto tena, utaiweka jikoni iwe kumbukumbu ya kushikilia mlango usipigwe na upepo. Nikashindwa kulala. Asubuhi nikaitia kikapuni, nikaipeleka, mlango wa mbele. Nikasema nisitajwe, maana nilitaka nikuambie mimi mwenyewe jioni. Nilivyorudi, umeshamtangaza Mama Mapacha bombani. Ndoo thelathini zinasikiliza.

Yeye aliniona natoka na kikapu asubuhi ile, alipokuja kuomba kaa. Aliniuliza, nikamwambia ukweli. Jioni nilimfuata ninalia, nikasema nakwenda kwa dada sasa hivi. Akanishika mkono. Akasema, "Dada yako amefiwa, anatafuta wa kumkasirikia. Akinikasirikia mimi, nina ukuta. Akikukasirikia wewe, mtabaki kila mtu peke yake. Mwache apoe, kisha utamwambia."

Hukupoa, dada. Na mimi kila mwaka nikazidi kuogopa. Ningekuambiaje, mwaka wa pili? Wa tano? Ulipomchukua mwanangu ukamlaza kitandani kwako ndipo ikawa haiwezekani kabisa.

Nikasirikie mimi. Yeye ameshabeba vya kutosha.

Mdogo wako


Jumatano, 14 Mei

Kwa Mama Dobi,

Tumepokea barua yako yenye kurasa sita. Kamati imeisoma yote, pamoja na habari za mbuzi.

Unaombwa kufika Jumamosi, tarehe 24 Mei, saa nne asubuhi, chumba cha Kazi za Mikono. Kioo kitafunguliwa ili uonyeshe alama ulizozitaja. Ikithibitika kwamba pasi ni ya familia yako na ilitolewa bila idhini ya familia, itakabidhiwa kwako siku hiyo hiyo. Unaweza kuja na shahidi.

Mhifadhi

Mashati niliyokuletea nimeyapata. Sijawahi kuona kola kama zile. Asante, mama.


Jumapili, 18 Mei

Mdogo wangu,

Kimya chako kimezidi. Wanasema mvua imekata barabara ya kwenu na lori halijapita wiki hii. Nakuandikia hivyo hivyo, zitakutana njiani.

Wamenikubalia! Jumamosi wanafungua kioo. Nimeambiwa niende na shahidi. Nikafikiri, shahidi gani mzuri kuliko mwizi mwenyewe? Nikapanda kwenye ndoo niliyoigeuza, nikachungulia ukutani. Mama Mapacha alikuwa anaanika. Miaka tisa sijamsemesha, sauti ikatoka kama ya kuku. Nikasema, "Jumamosi saa nne, makumbusho. Uje uione pasi uliyoiba."

Akanitazama. Akabana kibanio kwenye shuka. Akasema, "Nitakuja."

Hivyo tu. Nimeshinda nawaza. Mwizi gani anakubali kwenda kutazama alichoiba? Mwanao naye kaniuliza, "Mama mkubwa, kwa nini hakukasirika?" Nimemwambia ale.

Lakini sirudi nyuma. Jumamosi makumbusho, Jumapili mkutano.

Redio


Jumapili, 25 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako imefika jana asubuhi, tunafunga mlango tutoke. Nikaitia kwenye mkoba, nikasema nitaisoma njiani. Njiani mwanao kwa nini, kwa nini, sikuweza. Tukafika. Mama Mapacha ameshatangulia, amekaa kwenye benchi la mifupa, kavaa gauni zuri la bluu, mwavuli magotini. Sikumwamkia. Shemeji yako akakaa pembeni yake, baada ya dakika mbili alishalala, kichwa begani kwake. Yule mama hakumsogeza.

Ilikuwa bado robo saa. Nikatoa barua yako.

Unajua mimi nasoma kwa kidole. Nimeisoma yote kwa kidole, mdogo wangu, neno kwa neno, chini ya mbavu za mnyama yule. Nilipofika pale kwenye ndoo thelathini, kidole kikagoma. Mwanao akaniuliza kwa nini nimeacha kusoma. Halafu nikafika pale pa "nina ukuta".

Nimeitwa Redio miaka ishirini. Jana redio ilizima. Nilimgeukia Mama Mapacha, barua mkononi. Yeye akanitazama usoni, akatazama barua, akajua.

"Umemaliza kusoma?" akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi twende juu. Na umwamshe mumeo, ananitia mate."

Niliangua kicheko na kilio pamoja, kamasi na yote. Nikamshika miguu. Akasema, "Inuka, watu watadhani na sisi ni wa kuangaliwa." Ngazi tulizipanda nimembebea mwavuli, na nikapanda kwa goti hili hili unalolisingizia.

Juu wako watatu wa kamati, na kijana wa miwani amevaa lile shati. Kioo kikafunguliwa. Wakaniambia nionyeshe. Nikaonyesha ufunguo, nikaonyesha waya. Mmoja wao, mama mnene wa mkufu, akasema mpini huu kila mtu anaweza kusema ni gumba la mama yake.

Mwanao hakuuliza kitu. Kwa mara ya kwanza. Akaupeleka mkono wake, ule wa kushoto niliokuwa nikiupiga vikofi mezani, akaushika mpini, na gumba likaingia pale penye shimo. Likaingia, mdogo wangu, dogo vile vile, likakaa, kama maji kwenye kikombe. Kisha akajaribu wa kulia. Mkono ukapinda, hauna pa kukaa. Akarudisha wa kushoto. Akasukuma mara moja mbele, mara moja nyuma, juu ya kitambaa chekundu, na hakuna aliyemfundisha.

Mama wa mkufu akavua miwani. "Inatosha," akasema.

Basi wakaniuliza. Pasi imethibitika. Niliapa juu ya meza kwamba itarudi. Aliyeitoa ni wa familia, nikawaambia, lakini mimi ndiye mkubwa, na mimi sikuulizwa. Wakasema, kama ni hivyo, amua wewe. Nimekuja na kikapu kabisa, na gazeti la kufungia.

Niliwaza mlango ule wa nyuma. Mimi nilikuwa sijui habari ya mlango. Mama hakuniambia, kakuambia wewe, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, uongo wako umekuja wa pili. Niliwaza pasi ikishikilia mlango wangu wa jikoni, kuku wanairuka. Nikawaambia, inabaki. Lakini kile kikaratasi kinatoka leo, na siondoki mpaka nione kinatoka. Wakaniambia kuandika kipya kunataka wiki mbili tatu. Nikasema sawa, kipya mtaleta, cha zamani naondoka nacho mimi. Kiko hapa mbele yangu. Nimekikunja, nimeweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba.

Mkutano wa leo sikwenda, mitaro wataizungumza bila mimi. Nilikwenda kwingine. Saa kumi na mbili asubuhi, bombani, foleni imejaa. Nilimtangaza bombani, nikamsafisha bombani. Nikapanda kwenye ndoo. Nikasema: mimi Redio nilisema Mama Mapacha ni mwizi, miaka tisa, nilisema uongo, pasi iko makumbusho, ilipelekwa na mtu wa kwetu, yeye alijua akanyamaza ili sisi tusivunjike. Mwenye kunicheka acheke sasa hivi, nina mashuka. Walinicheka, we! Wale mapacha walicheka mpaka wakamwaga maji. Kisha mmoja akanibebea ndoo mpaka mlangoni.

Na wewe. Nimekukasirikia tangu jana saa nne kasorobo. Nitaendelea kukukasirikia mpaka Alhamisi, kisha nitaacha, maana kazi ni nyingi. Ukirudi utanyoosha mashuka yote ya gesti mwezi mzima, na Mama Mapacha atakaa kwenye kiti akikukosoa. Tumeshakubaliana.

Dada yako


Jumatatu, 2 Juni

Dada,

Nimeipokea Ijumaa. Sikuifungua. Nilihesabu siku, nikaona Alhamisi imeshapita, ndipo nikafungua.

Nitanyoosha mashuka.

Nieleze kitu kimoja. Wakati alipokuwa anasukuma, alikaza midomo? Mama alikuwa anakaza midomo.

Mdogo wako


Jumapili, 15 Juni

Mdogo wangu mpishi,

Alikaza.

Kikaratasi kipya kimewekwa jana. Tulikwenda wote, na Mama Mapacha na mwavuli wake, shemeji yako tumemwacha kwenye benchi lake, Babu wa Funguo anasema wamemzoea, akikosekana wageni watauliza. Maneno nimeyasema mimi, kijana wa miwani akayapunguza. Nilimpa kurasa nne. Amebakiza haya, na mwanao ameyasoma kwa sauti:

"Pasi ya mkaa ya Mama Mvuke, dobi. Kwa pasi hii alinyoosha sare za walinzi wa jumba hili miaka kumi na tisa. Alitumia mkono wa kushoto."

Ile ya mbuzi haimo. Nimeiachia.

Akamaliza kusoma, akamgeukia Babu wa Funguo, akamwuliza kwa nini bibi yake alikuwa anapitia mlango wa nyuma, maana nilishamsimulia. Mzee wa watu akakuna kichwa. Akasema ule mkono ulikuwa wake. Ule unaotoka mlangoni na kuchukua sare. Alikuwa kijana, ndiyo kwanza ameajiriwa, na hakuwahi hata siku moja kutoa kichwa amtazame nani anazileta. Sare zilikuwa na mkunjo mzuri, akasema, hilo analikumbuka. Mwanao akafikiri. Akamwambia, "Mtazame sasa, basi," akamsogeza mbele ya kioo kwa kumvuta suruali. Akasimama pale, mdogo wangu, kavua kofia, muda mrefu tu. Nasi tukamwacha.

Mlango wa nyuma mwanao ameuona, umezibwa kwa matofali siku nyingi. Kwa hiyo ukishuka kwenye lori usipoteze muda kuutafuta. Jumamosi ya kwanza ya Julai, saa nne, sisi tutakuwa ngazi za mbele. Vaa gauni ninalokupelekea kwa lori hili, nimelinyoosha mwenyewe, na mikono usiitie mfukoni.

Dada yako,
Redio

Hapa chini ni mwanao, kaandika mwenyewe kwa mkono wake. Herufi zimelalia upande, zisome kwa kuinamisha kichwa:

MAMA NJOO. MIFUPA IPO NA BIBI YUPO.